Monita ya Kabati la Gemu Ikizima: Tafuta Ugonjwa Kabla Hujabadilisha

Kabati la gemu likifika kwangu hapa Malindi, mwenyewe huwa ameshalitabibu njiani. "Ami, monita imekufa, nitilie nyingine." Nami humuuliza, "Gemu inalia?" Hapo hunyamaza. Aliona kioo cheusi, akachomoa plagi, akaita mkokoteni. Kusikiliza hakusikiliza.

Mengi ya makabati ninayoyapokea yametoka nyumba za Waitaliano upande wa Casuarina. Watu hao na pwani hii wamejuana zamani. Kituo chao cha San Marco kule Ngomeni kilirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967. Mwenye nyumba akirudi kwao, kabati huachiwa mlinzi, mlinzi humuuzia jirani, na jirani ndiye huyu aliyesimama mlangoni kwangu. Ndani huwa na monita ya tyubu, pengine Hantarex ya Italia, pengine Wells-Gardner ya Marekani, na miaka yote hiyo imekuwa ikipigwa na upepo wa chumvi.

Mimi nina shikilio moja: siweki monita mpya kabla sijajua ya zamani iliuawa na nini. Kama ni transfoma isiyofaa, itaua na hii. Kama ni waya ulioliwa na kutu, hii nayo itakaa kipofu, na wewe utakuwa umetoa pesa kununua giza jipya. Kwa hiyo tuanze na mgonjwa, kaburi baadaye.

Kabla ya kutia mkono

Tyubu ya rangi ya inchi 19 hubeba volti elfu 20 au zaidi chini ya ile kofia ya mpira iliyobandikwa mgongoni mwake, na inaweza kukaa nazo hata baada ya stima kukatwa. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzima, funga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya uibane kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu. Usiibane popote pengine kwenye bodi. Mkono mmoja tia mfukoni. Sukuma ncha ya bisibisi chini ya kofia taratibu mpaka iguse chuma. Utasikia "ta!", au usisikie kitu. Ngoja dakika kumi, rudia, kwa maana kioo kile kina tabia ya kujirudishia chaji kidogo baada ya kumwagwa.

Kuna na kapasita nene upande wa kuingilia stima. Stima yetu ya volti 240 ikishanyooshwa huwa kama volti 340 ndani ya kapasita hiyo. Ipime kwa multimita. Usiifanyie ile michezo ya kuipiga shoti kwa bisibisi ili uone cheche.

Hujawahi kufanya haya? Mwite fundi wa TV za kichogo. Bado wapo, wazee wetu wenye viduka vyembamba vilivyojaa redio hadi darini, na kazi hii wanaifanya huku wakikusimulia habari za mpira.

Dalili ya kwanza: kioo cheusi, gemu inalia

Washa, tia sarafu au bonyeza kitufe cha sarafu, sikiliza. Ikilia, bodi ya gemu iko hai. Isipolia kabisa, acha monita kwanza uende kwenye pawa saplai: pima volti 5 pale pale kwenye bodi, si kwenye pawa saplai yenyewe, kwa kuwa nyaya za zamani hula volti njiani. Inatakiwa 5.0 hadi 5.1. Nimeona 4.6, bodi inajiwasha na kujizima, mwenyewe ameshanunua monita.

Sasa zima taa za chumba, fungua mlango wa nyuma, tazama shingo ya tyubu bila kugusa. Mnatafuta mwanga mdogo wa rangi ya machungwa, kama kaa la mwisho kwenye jiko.

Mwanga upo, picha hakuna. Kwenye transfoma ya umeme mkali, ile ambayo mafundi huiita flaibeki, kuna vifundo viwili. Kimoja ni cha kulenga picha, kingine cha kuongeza mwanga wa skrini. Kizungushe hicho cha pili kidogo sana, kwa bisibisi ya plastiki, ukiwa umeweka alama kilipokuwa. Kioo kikijaa weupe wenye mistari ya mshazari, tyubu nzima, umeme mkali upo, kinachokosekana ni picha kutoka kwenye bodi. Tafuta waya. Rudisha kifundo kwenye alama.

Mwanga hakuna, na ukisogeza mkono karibu na kioo wakati wa kuwasha vinyweleo havisimami. Hapo monita haipati stima, au inaipata na kuikataa. Tazama fyuzi. Fyuzi iliyokatika tu kiwaya chake huenda ililegea kwa uzee au kwa stima iliyorudi kwa kishindo. Fyuzi iliyokuwa nyeusi ndani kama chupa ya kibatari imekutana na shoti, na mshukiwa wa kwanza ni ile transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoza, inayosukuma flaibeki. Ing'oe, upime kati ya mguu wa katikati na mguu wa tatu, ule wa emita, kwa pande zote mbili. Upande mmoja ukisoma kama dayodi na wa pili usisome kitu, nzima. Ukisoma sifuri kwa sifuri, imekwenda. Usishtuke mguu wa kwanza na wa emita ukisoma omu chache tu, nyingi zina rezista ndani.

Ukibadilisha transista hiyo, usikimbilie kuwasha. Haifi bila sababu. Tazama viungo vya solda vya flaibeki, na flaibeki yenyewe kama ina ufa au kitundu cha kuungua ubavuni.

Na kuna jambo moja la kutazama ambalo halihitaji kifaa chochote. Ndani ya shingo ya tyubu, kwenye kioo, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, la fedha lenye weusi. Likiwa limegeuka jeupe kama tui, hewa imeingia. Tyubu hiyo imekufa na hakuna fundi wa kuifufua. Mara nyingi ni mkokoteni uliofanya kazi hiyo: shingo ni kioo chembamba kuliko chimni ya taa, na bonde moja tu la barabara linatosha. Kabati lililokuja kwangu kutoka Mambrui mwaka juzi lilikuwa hivyo. Nilipolifungua nikaona weupe ule, nikamwambia mwenyewe aketi kwanza.

Fyuzi inakatika kila ukichomeka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wa pwani wanapoumia.

Kabati la Marekani linataka volti 110 hadi 120, la Japani 100. Mtu akipata kabati kama hilo huenda duka la vifaa vya umeme, hununua transfoma ya kushusha 240 kuwa 110, anaifunga kwa furaha, na fyuzi inapasuka. Anatia kubwa zaidi. Inapasuka bodi.

Sababu ni kwamba monita nyingi za zamani za Marekani hazina utengano na stima. Ardhi ya bodi ya monita si ardhi ya nyumba. Inaelea juu ya stima yenyewe. Zilitengenezwa zikitegemea transfoma nzito iliyofungwa sakafuni mwa kabati, ambayo kazi yake kubwa ni kutenganisha, na kushusha si lazima. Mtu fulani njiani aliiona nzito, akaing'oa. Transfoma nyingi za kushusha zinazouzwa dukani zina koili moja tu iliyotobolewa katikati, kwa hiyo waya wa kuingia na waya wa kutoka ni kitu kimoja. Volti zinashuka, utengano hakuna. Siku ardhi ya bodi ya gemu inapokutana na ardhi ya monita kupitia waya wa picha, ni shoti ya moja kwa moja. Mbaya zaidi, hata kabla ya shoti, bati la monita linaweza kukurusha.

Kuipima ni rahisi. Transfoma ikiwa imechomolewa kabisa, weka multimita kwenye omu. Mguu mmoja kwenye pini ya kuingilia, mwingine kwenye tundu la kutokea. Jaribu pini zote mbili na matundu yote mawili, lakini usihesabu pini ya ardhi. Ikisoma omu chache popote, koili ni moja, haifai. Isiposoma kitu popote, koili ni mbili na imetengana. Nunua hiyo, na mwambie muuza duka kwa lugha atakayoielewa: "Nataka yenye koili mbili." Wengine watakuambia zote ni sawa. Nenda na multimita yako.

Jambo la ziada: transfoma ya Marekani iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu, ukiilisha stima yetu ya hezi 50, hupata moto kuliko ilivyozoea. Iguse baada ya nusu saa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, tafuta kubwa zaidi yenye kuandikwa 50/60.

Dalili: picha yote imekuwa mstari mmoja

Punguza mwanga mara moja, la sivyo mstari huo utachoma kioo na kubaki hapo milele. Mstari wa kulala unaokata kioo katikati maana yake sehemu inayotandaza picha juu na chini imelala: plagi ya koili ya shingoni, chipu ya kutandaza, au kapasita zake. Mstari wa kusimama ni upande wa kushoto na kulia, mara nyingi koili hiyo hiyo imeachia solda.

Lakini angalia usidanganywe na kabati. Gemu za njia ya wima, kama Pac-Man ya 1980 na Galaga ya 1981, tyubu yake imefungwa imelazwa ubavu. Mstari unaouona umesimama huko ndio ule wa kulala kwa upande wa monita. Kabla ya kutoa hukumu, tazama nyaya za tyubu zimeelekea wapi.

Dawa ya kwanza ni lenzi ya kukuzia na taa nzuri. Geuza bodi, tazama miguu ya plagi ya koili na miguu ya flaibeki. Solda iliyopasuka huonyesha pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu, kama alama ya kikombe mezani. Ukiusukuma mguu kwa kijiti, unacheza ndani ya pete yake. Nyonya solda ya zamani yote, usiongezee mpya juu ya kuukuu, kisha chomea upya. Nimemrudishia mtu kabati lake kwa kipande cha solda kisichofika urefu wa kidole. Hakufurahi sana; alikuwa ameshanunua monita bapa, iko kwenye boksi sebuleni.

Dalili: rangi moja imepotea

Picha imekuwa ya buluu-kijani, au kila kitu kimekuwa cha zambarau. Usibadilishe kitu. Pale nyaya za picha zinapoingia kwenye monita, badilishana waya wa rangi iliyopotea na waya wa rangi nyingine. Pengo likihama, yaani sasa inakosekana rangi nyingine, monita nzima, tatizo linatoka kwenye bodi au njiani. Pengo likibaki pale pale, ni bodi ndogo ya shingoni mwa tyubu: transista ya rangi hiyo au solda yake.

Likihama, nenda kwenye soketi ndefu ambapo bodi ya gemu huchomekwa. Makabati mengi ya kuanzia 1985 yanafuata mpangilio wa JAMMA, migusano 56, 28 kila upande. Upande wa vifaa, nyekundu ni namba 12, buluu 13, ardhi ya picha 14. Upande wa solda, kijani ni herufi N, na sinkro, yaani waya unaoiambia monita mstari uanze wapi, ni P. Hapo ndipo chumvi ya Malindi inapokula kwanza. Toa bodi, tazama meno yake ya shaba. Yakiwa na kijanikijani kama cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa, chukua raba nyeupe ya kufutia penseli ya mtoto wa shule, sugua kila jino taratibu mpaka ling'ae, kisha pangusa kwa spiriti safi ya dawa na uache likauke. Usitumie msasa, utaondoa kutu pamoja na jino.

Wakati uko huko ndani, angalia mijusi kafiri. Si mzaha. Wanapenda joto la pawa saplai, hutaga nyuma ya bodi, na mmoja akifia kwenye miguu ya stima, utakachonusa ni harufu ya nyama choma kutoka kwenye gemu. Nimewatoa wawili, wamekauka kama ng'onda, kila mmoja ameshika waya wake.

Dalili: picha inaanguka, inapinda au imekatwa vipande vya mshazari

Picha inayopanda au kushuka bila kusimama, au iliyochanika mshazari kama kanga iliyokatwa vibaya, imekosa sinkro. Pima waya huo kwanza kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiwa mzima, jaribu vifundo vya kushikilia picha kwenye bodi ya monita, kimoja kimoja, ukiweka alama. Ikiwa picha inatulia monita ikiwa baridi na kupinda baada ya dakika ishirini, kapasita zimechoka. Zibadilishe zote za elektrolitiki, zile za kikopo, kwa mpigo badala ya kuwinda moja moja. Kapasita ni vitu vya bei ndogo, muda wako ndio ghali.

Na kama umebadilisha bodi ya gemu karibuni, huenda ugonjwa haupo kabisa. Bodi za gemu nyingi ndani ya moja hutoa picha ya aina mbili, ya monita ya zamani na ya kompyuta, na kuna viswichi vidogo vya kuchagua. Monita ya zamani hukimbia kilohezi 15 na kitu, ya kompyuta huanzia kama 31. Ukiilisha ya zamani picha ya 31 utaona gemu mbili zilizojikunja pembeni kwa pembeni na sauti nyembamba ya kulalamika. Zima haraka, geuza kiswichi.

Madoa ya rangi pembeni, na kivuli kisichofutika

Doa la zambarau au kijani kwenye pembe ni sumaku. Karibu kila mara mtu amebadilisha spika akatia ya gari iliyokuwa haina kinga, akaifunga shubiri moja kutoka kwenye tyubu. Isogeze, kisha washa na uzime kabati mara chache kwa kuachia nafasi ya nusu saa katikati, ili koili ya kuondoa sumaku ifanye kazi yake. Doa litaondoka lenyewe.

Kivuli cha njia za Pac-Man kinachoonekana hata gemu nyingine ikichezwa hakina dawa. Kioo kimeungua. Wengine wanakipenda hivyo. Mimi ni mmoja wao.

Sasa umeamua kubadilisha

Tyubu nyeupe shingoni, flaibeki iliyopasuka isiyo na mwenzake, au umechoka tu. Sawa. Kuna njia mbili.

TV ya kichogo inakubali karibu kasi ile ile, mistari 15,625 kwa sekunde, na tangu kuhama kwenda dijitali mwaka 2015 ziko nyingi zimelala makabatini. Ubaya ni kwamba za kwetu nyingi zina tundu la njano la AV tu, si la rangi tatu, kwa hiyo maandishi madogo huvuja rangi. Ukiitumia, ifunge na gamba lake la plastiki. Sitaki kusikia umeivua ili itoshe.

Wengi huchagua monita bapa. Tafuta ile ya ofisi ya zamani, ya mraba mraba, inchi 19 yenye nukta 1280 kwa 1024. Kioo chake kina upana wa sentimita 37 na nusu na kimo cha 30, karibu sawa na kinachoonekana kwenye tyubu ya inchi 19. Monita pana ya kisasa itakuachia mbao tupu juu na chini, au itawanyosha wachezaji wawe wanene kama magunia. Mgongoni pawe na matundu manne ya kufungia, sentimita 7.5 au 10 kutoka moja hadi jingine; skrubu zake ni M4, na isiwe ndefu. Skrubu iliyozidi hukutana na bodi ndani, na hapo umeanza hadithi mpya. Kama mnacheza gemu za bunduki ya mwanga za zamani, bakini na tyubu; bunduki hizo hutegemea jinsi tyubu inavyochora picha, na kwenye kioo bapa hazioni kitu.

Jaribio moja ufanye dukani, kabla pesa hazijabadili mkono. Iwashe ikiwa na picha, uichomoe ukutani, uichomeke tena. Ikijiwasha yenyewe, nunua. Ikisubiri kubonyezwa kitufe, iache. Ndani ya kabati swichi moja huzima vyote, na kitufe cha monita kitakuwa nyuma ya mbao. Nilifunga moja bila kujaribu. Mama mwenye nyumba akanipigia simu jioni ile ile: "Fundi, stima ilipotea ikarudi, gemu imekataa. Watoto wameninyima amani." Nikarudi Muyeye na bodaboda kubonyeza kitufe. Mara ya tatu nikaibadilisha kwa gharama yangu.

Monita mpya inasema haina ishara au iko nje ya kiwango

Bodi inatoa kilohezi 15, monita bapa haijui hesabu hiyo. Kama bodi ina kiswichi, geuza. Kama haina, unahitaji kibodi, yaani bodi ndogo, cha kubadilisha picha. Cha kawaida ni GBS-8200. Kilishe volti zilizoandikwa juu yake, mara nyingi ni 5, uzichukue kwenye pawa saplai ya kabati. Unganisha rangi tatu, sinkro na ardhi. Wakisahau kitu, watu husahau ardhi.

Picha imepauka kama imekaa juani

Bodi za gemu hutoa rangi kwa volti nyingi kuliko zile 0.7 ambazo vifaa vya kompyuta hutarajia. Weupe hufurika, na mawingu hupotea angani. Kibodi kina vifundo vitatu vya rangi, vipunguze vyote sawasawa. Visipotosha, tia rezista kwenye kila waya wa rangi, tatu za kipimo kimoja, uanze na omu mia na kitu. Punguza ukali wa rangi mpaka uone daraja za kijivu zote kwenye picha ya majaribio ya gemu.

Kabati la kompyuta ndogo linawaka, kioo kinabaki cheusi

Kabati likiwa na Raspberry Pi, tatizo huwa ni nani ameamka kwanza. Pi inatafuta monita kabla monita haijafumbua macho, inasema hakuna mtu, inaacha kutoa picha. Kwenye mifumo yake ya zamani, fungua faili la config.txt kwenye kadi na utie mstari hdmi_force_hotplug=1. Ukiona alama ya radi ya njano juu ya kioo, hiyo si monita. Pi inaona njaa ya stima. Ya tatu inataka ampea 2.5, ya nne 3, na waya mfupi mnene. Chaja ya simu ya sokoni haifiki.

Rangi zinageuka ukisimama au ukikaa

Hii ndiyo inayowakera watu baada ya kazi yote kwisha. Monita za bei ndogo zinatazamika vizuri ubavuni, lakini ukizitazama kutoka chini picha inakuwa kama negativu. Ndani ya kabati kioo kimelala nyuma na mtoto anatazama kutoka chini. Geuza monita juu chini, kisha pindua picha kwenye mipangilio. Upande mbaya utaelekea dari. Ukiisimamisha kwa gemu za wima, upande mbaya unakwenda kushoto au kulia, na jicho moja litaona giza kuliko jingine. Hapo dawa ni kununua ya IPS tu, aina ya kioo kisichogeuza rangi ukikitazama kutoka pembeni. Ijaribu dukani kwa kuinama, acha wakucheke.

Mkono umebonyeza, mchezaji amechelewa kuruka

Kibodi cha kubadilisha picha huongeza kuchelewa kidogo, na TV bapa huongeza kwingi zaidi kwa mapambo yake ya picha. Kwenye TV tafuta mpangilio wa gemu, uzime vya kulainisha mwendo na vya kupunguza chembe. Monita ya kompyuta haina shida kubwa hapa.

Kabla ya kufunga mlango wa nyuma, toboa matundu ya hewa juu na chini kama ya zamani yamezibwa, uyafunike kwa wavu wa mbu uliobanwa kwa misumari midogo. Kioo bapa nacho kina joto lake, na Malindi wakati wa kaskazi haihitaji kusaidiwa.

Na tyubu uliyoitoa usiibwage jalalani. Kioo chake kina madini ya risasi, na watoto wakiirushia mawe itapasuka kwa kishindo. Zile nzima mimi naziweka chini ya meza, uso chini juu ya gunia, shingo ikiwa juu ambapo hakuna wa kuikanyaga. Wiki iliyopita kaja mzee kutoka Barani kuulizia ya inchi 19. Nilikuwa nayo moja, niliyoitoa kwenye kabati la yule aliyetaka kioo bapa. Haikuwa na ugonjwa wowote.